Laptopu ya Linux Arusha: ingia BIOS kwanza, hesabu hela baadaye

Laki sita na ishirini. Ndiyo hela niliyomhesabia chalii wa duka, noti juu ya noti, Jumamosi moja ya Novemba mvua ikitwanga mabati ya mji mzima. Nikaifunga laptopu ndani ya kanga, nikapanda hiace ya Sakina nimeipakata kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki. Aliyebuni jina la kompyuta mpakato alikuwa ananiona mimi siku ile.

Ulikuwa mtumba wa ofisini kutoka Ulaya: Core i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 16, SSD GB 256, kioo hakina hata mkwaruzo. Dukani niliikuta imeshawashwa, Windows inang'aa, ikacheza video, ikashika waifai ya duka. Chalii akaifuta kwa kitambaa, akanipa na begi la bure. Nikajiona mjanja.

Aina yake sitaitaja, maana kosa si la kiwanda. Nyumbani nikachomeka flashi yenye Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikaizima laptopu kabisa, nikaiwasha huku nabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine kabla ya mfumo wowote, ili niielekeze ianzie kwenye flashi. Kikatokea kiboksi kimoja tu kinachotaka paswedi. Nikajaribu 0000, nikajaribu 1234, nikajaribu admin. Ikagoma, ikanitaka niizime. Hapo ndipo nilipoyaona maandishi madogo chini ya nembo, ambayo dukani sikuyaona kwa sababu sikuwahi kuiona ikiwaka toka mwanzo: hii ni mali ya kampuni fulani, namba yake kwenye daftari la mali ni hii, ukiiokota piga simu hii. Nilikuwa nimenunua laptopu yenye mwenyewe.

Tangu hapo kila ninayemsikia anataka laptopu ya kuwekea Linux namuuliza swali hilihili, umeingia BIOS? Wananitazama kama nimewauliza kama wamekagua meno ya mbuzi. Wameuliza RAM, wameuliza diski, wameuliza betri inakaa saa ngapi. Mambo ya RAM na diski sitayaeleza hapa, kila mtu anayajua: GB 8 ndiyo sakafu, GB 16 ndiyo raha, na usikubali diski ya kuzunguka. Nataka tuzungumze kufuli.

Kufuli inatoka wapi

Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hununua au kukodi laptopu kwa mamia, wafanyakazi wakazitumia miaka mitatu minne, kisha zinatolewa zote kwa mpigo. Fundi wa kompyuta wa kampuni huweka paswedi ya msimamizi kwenye BIOS ili mfanyakazi asichomeke flashi yake akaanzisha mfumo mwingine na kuchota data za ofisi. Ni busara kwao. Siku ya kuziondoa, mtu anatakiwa apite kwenye kila moja aifungue. Wengi hufanya. Wengine wana laptopu mia tatu na Ijumaa imefika. Diski inafutwa, kufuli inabaki, mzigo unapanda meli, unapita Dubai, unafika Kariakoo, unapanda basi la usiku kuja kwetu.

Kwa anayetumia Windows kufuli hii haipo. Windows inakaa kwenye diski, inawaka, anafanya kazi zake mpaka laptopu inakufa bila kujua kwamba chini yake kuna mlango umefungwa. Muuzaji naye anapima kwa Windows. Wanaoandika uchambuzi wa laptopu huko duniani wanaletewa mpya kutoka kiwandani. Kwa hiyo kasoro hii inatupata sisi tu: watu wa Linux tunaonunua mtumba. Hatuna wa kutuonya.

Na usidanganywe kwamba fundi ataitoa kwa kuchomoa betri ndogo ya saa kwenye bodi. Kwenye kompyuta za mezani za zamani hiyo ilikuwa dawa. Kwenye laptopu za ofisini paswedi inakaa kwenye chipu isiyohitaji umeme kukumbuka. Chomoa betri mwaka mzima, ukirudisha inakuuliza tena. Kitabu cha maelekezo cha ThinkPad kinasema wazi kwamba ukisahau paswedi ya msimamizi, Lenovo hawaifuti, dawa ni kubadilisha bodi nzima kwa gharama yako. Ukienda kwa HP au Dell, jambo la kwanza wanataka uthibitisho kwamba mashine ni yako. Uthibitisho wangu mimi ulikuwa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu: "laptop 1". Wapo mafundi wenye kifaa cha kusoma chipu na kuiandika upya, na wapo wanaofanikiwa. Wapo pia waliofungua laptopu nzima wakairudisha imekufa. Niliyempelekea mimi alitaka elfu themanini, na alipoulizwa bodi ikifa nani atalipa akaanza kuangalia simu.

Mwisho nilizunguka. Nilichomoa SSD, nikaipachika kwenye laptopu ya kaka, nikasakinisha Mint humo, nikairudisha. Ikawaka, kwa sababu Mint inabeba saini inayokubalika hata ile kinga ya kuwashia (Secure Boot), inayozuia mifumo isiyo na saini, ikiwa imewashwa. Ukishapigwa kama mimi, jaribu njia hii kabla ya fundi. Lakini ni kupanga nyumba usiyo na ufunguo wa geti. Kazi yangu ni kuchora ramani, mabomba ya maji na mipaka ya malisho kwa vijiji vya Monduli na Longido. Nachora kwa QGIS, ambayo ni programu huria, nyumbani kwake ni Linux kama ilivyo Windows. Ila mteja mmoja hunitumia mafaili ya programu ya upimaji inayotaka Windows tu, na mimi huifungulia kwenye mashine pepe, yaani Windows inayokaa ndani ya Linux kama programu. Mashine pepe inataka uwezo fulani wa prosesa uwashwe kwenye BIOS. Kampuni ile ilikuwa imeuzima. Siwezi kuuwasha. Halafu kila asubuhi, kabla haijafika kwenye diski, laptopu inahangaika kwanza kutafuta seva ya wenyewe kwenye mtandao ili iulize cha kufanya. Nikipanga mpangilio upya kutoka ndani ya Linux, ikizimwa na kuwashwa inarudi palepale.

Dakika kumi dukani

Nenda na flashi ya GB 8 yenye Linux Mint au nduguye Ubuntu uliyoiandaa nyumbani. Mwambie muuzaji aizime laptopu kabisa, mbele yako, si kuifunika. Akisema "iko poa dada, imewaka hii", mwambie unajua, izime.

Iwashe ukiangalia maandishi ya mwanzo. ThinkPad unaingia BIOS kwa F1, Dell kwa F2, HP kwa F10. Ikiomba paswedi, mrudishie. Isipoomba, usishangilie bado, maana hapa ndipo wajanja wenzangu walipoanguka: baadhi zinakuruhusu kuingia na kutazama bila kukuruhusu kugusa. Dell ikiwa imefungwa inakuonyesha kurasa zote vizuri kabisa, ila pembeni kuna kitufe cha kufungulia kinachongoja paswedi, na vipengele vyote vimepauka. ThinkPad nayo inaweza kukuacha uzurure ndani kama mgeni. Kwa hiyo badili kitu. Peleka flashi iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwashia, hifadhi, toka, ingia tena uone kama imebaki ulivyoiacha. Kisha nenda ukurasa wa usalama uangalie paswedi ya msimamizi: iandikwe haijawekwa. Hapohapo tazama kama kuna kile kidude cha kufuatilia laptopu zilizopotea, kinachoitwa Computrace au Absolute. Kinafanya kazi kupitia Windows, kwa hiyo Linux hakikugusi, lakini kikiwa kimewashwa moja kwa moja ujue mashine hiyo huenda bado inatafutwa na mtu, na mimi siinunui.

Sasa anzisha flashi. F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Linux ikishafunguka, unganisha hotspoti ya simu yako, piga video yenye sauti, washa kamera, punguza na ongeza mwanga kwa vitufe, kisha funika laptopu, ngoja dakika mbili, funua. Ikiamka na waifai ikarudi, unakaribia. Fungua temino, dirisha la kuandika amri, uandike upower -d, ulinganishe nguvu ambayo betri inajaza sasa na ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ianze kushuka.

Kuhusu waifai, kwa ufupi: kadi ya Intel, umemaliza, draiva yake, programu inayoiendesha, imo tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Kadi za Broadcom zina tabia mbaya, zinataka draiva ambayo lazima uipakue mtandaoni, na mtandao ndiyo unaoutafuta. Simu iliyochomekwa kwa waya wa USB ikigawa bando itakuvusha. Na ukikutana na ThinkPad za zamani kama X230 au T430, BIOS yake ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukibadilisha kadi kwa isiyo kwenye orodha, inakataa kuwaka. Umeona? Kila kitu kinarudi BIOS.

1. ThinkPad T480

Sitajifanya hakimu. Ninaandika haya kwenye T480 niliyonunua baada ya ile yenye kufuli, na kama ingekuwa mwanamume ningeshapeleka barua kwao.

Ilitoka 2018. Nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane, na hicho ndicho kizazi ambacho Core i5 ya laptopu nyembamba iliruka kutoka koa (viini vya prosesa) mbili kwenda nne. Ndicho pia kizazi cha kwanza cha Intel ambacho Windows 11 inakikubali karibu chote, na Windows 10 ilipokatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kila mtu akakimbilia humo. Kwa hiyo bei yake imeshikiliwa na watu wasiotuhusu. Inaniuma, lakini bado nainunua.

Nainunua kwa sababu ya umeme. T480 ina betri mbili, moja ndani, nyingine inachomoka chini kwa kusukuma vifungo viwili. Ya nje zipo za ukubwa tofauti, kubwa kabisa ni ya Wh 72. Ya nje ikiisha unaichomoa laptopu ikiwa inawaka, unapachika nyingine, ya ndani inashikilia mlango muda huo. Umeme ukikatika Sakina saa nne asubuhi na mteja anataka ramani saa nane, hayo ndiyo mambo ninayotaka kusikia, si wembamba. Kerneli yenyewe inajua kuiambia betri ya ThinkPad isijae kupita asilimia unayotaka. Nimeweka 80 ikiwa mezani, na siku ya kwenda kijijini naifungulia ijae.

RAM ina sloti mbili, SSD inabadilishika, kadi ya waifai inabadilishika, kibodi inabadilishika. Ukiilaza inalala kweli, usingizi wa zamani, unaikuta jioni imepoteza chaji kidogo tu. Lenovo walianza kupitisha masasisho ya BIOS zao kwa njia ya Linux mwaka huohuo wa 2018, kupitia fwupd, chombo cha Linux cha kusasisha BIOS, kwa hiyo huhitaji kurudi Windows ili kuzibia ufa.

Lakini uiangalie macho mawili. Kwanza kioo: nyingi zilitoka na kioo hafifu cha 1366 kwa 768, kilichopauka, ukikitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Omba ya 1920 kwa 1080. Pili, zipo zenye kadi ya picha ya NVIDIA MX150. Muuzaji ataitaja kama sifa. Kwako ni joto na shida ya draiva, iache. Tatu, na hili ni kubwa: T480 inachajiwa kwa USB-C tu, haina tundu jingine la chaja. Programu ya chipu ya Thunderbolt iliyokuja nayo ilikuwa na hitilafu ya kuchosha chipu yake mpaka tundu la USB-C linaanza kusumbua. Lenovo walitoa dawa mwaka 2019, lakini dawa ni lazima uiweke. Kwa hiyo chomeka chaja matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jingine, uone yote yanachaji. Ukifika nyumbani sasisha kabla hata hujaweka picha ya mezani.

Na msichanganye na T480s. Ile ni nyembamba zaidi, betri haichomoki, na RAM nusu imelehemiwa kwenye bodi. Wauzaji wanazipanga pamoja kana kwamba ile "s" ni mapambo.

Nimetajiwa kati ya laki sita na laki saba na nusu hapa mjini kwa yenye RAM GB 16. Zaidi ya hapo ondoka.

2. Dell Latitude 7490

Kama T480 haipatikani, nenda Dell. Dell waliingia Linux kwa nia mapema kuliko wengi: mwaka 2012 walianza kuuza XPS 13 ikiwa na Ubuntu kutoka kiwandani, na laptopu zao za ofisini zinapata masasisho ya BIOS kupitia fwupd bila maneno. 7490 ni kizazi kilekile cha nane, RAM sloti mbili, nyepesi kidogo, kibodi nzuri. Betri ni moja tu na iko ndani, unaifikia kwa bisibisi. Pitisha kiganja pale unapolaza mikono. Kama pamenyanyuka au padi ya kipanya inabonyea kwa shida, betri imevimba. Hilo ni la laptopu yoyote.

Kwa Dell, kumbuka kitufe cha kufungulia nilichokisema. Nimeona nyingi zilizofungwa kuliko aina nyingine, au labda ni bahati yangu.

3. HP EliteBook 840 G5

Nzuri kwa sura, ganda la alumini, sloti mbili za RAM, sauti nzuri kuliko zote tatu. Linux inakaa bila ugomvi isipokuwa kisoma alama za vidole, ambacho usikitegemee. Tatizo lake ni kioo cha faragha: makampuni mengi yaliziagiza na Sure View, kioo kinachojificha ukitazamwa na jirani kwenye ndege. Hata ukikizima, kioo hicho kimefifia. Dukani chini ya taa nyeupe huoni kitu. Kaa nayo kibarazani Arusha hii saa saba mchana ndipo utajua. Itoe nje ya duka kabla ya kulipa. Watakuangalia vibaya, waache.

4. ThinkPad T470 au X270, mfuko ukiwa mfupi

Kizazi cha sita au cha saba, koa mbili. Windows 11 imezikataa, kwa hiyo zinatakiwa ziwe za bei ya kutupa, na ndiyo fursa yetu: betri mbili zilezile, sloti mbili za RAM kwa T470, moja kwa X270, na chaja inaingia matundu ya aina mbili. Kwa kuandika, barua pepe, mahesabu, inatosha sana. Ukitajiwa laki tano mkumbushe muuzaji tarehe 14 Oktoba.

Ambazo siwekei namba

X1 Carbon ni ya kupendeza, lakini RAM yake imelehemiwa. Ukinunua ya GB 8 umeoa GB 8. Ile ya kizazi cha sita ya mwaka 2018 ilikuja bila usingizi wa kweli kwa Linux, watu wakalalamika mpaka Lenovo wakaongeza kipengele kwenye BIOS cha kuchagua usingizi wa Linux. Kipengele kiko wapi? BIOS. Imefungwa? Basi utaibeba kwenye begi imewaka na moto wake.

Laptopu mpya kabisa za dukani nyingi sasa zina usingizi mwepesi uleule, na kwa hela hiyo unapata ganda la plastiki. Zile zinazotengenezwa makusudi kwa Linux au kwa kufunguliwa na mwenyewe, kama System76 na Framework za Marekani au Tuxedo ya Ujerumani, nazipenda kwa mbali, kama mtu anavyopenda kilele cha Kibo akiwa Moshi mjini. Ukijumlisha kuzisafirisha na fundi wa hapa asiyewahi kuziona, basi.

MacBook za kuanzia 2018 za Intel zina chipu ya T2 inayotaka kerneli maalumu ili hata kibodi yake ikuitikie. Za kabla ya hapo zina Broadcom. Za M1 na M2 zina mradi wa Asahi wa kuzipelekea Linux, kazi ya kuheshimika, lakini anayeuweza siye mtu anayesoma mwongozo kama huu.

Za chini ya laki tatu na nusu: Celeron, RAM GB 4 imelehemiwa, diski ya eMMC ya GB 64. Mdogo wangu anayesoma Moshi alinunua moja huko Mbuyuni. Linux inawaka, ukifungua tabo ya tatu unaweza kwenda kununua ndizi ukarudi. Chromebook za shule za Marekani nazo zimejaa sasa. Zikiwa bado zimesajiliwa kwa shule yake hazikuruhusu kitu. Tuendelee.

Sasa niwaseme

Bango linasema "bei maelewano". Maelewano gani, wakati bei anaijua yeye peke yake? Nimeenda duka moja nimevaa nguo ya ofisini nikatajiwa laki nane na nusu. Nikamtuma kaka na makobazi yake siku ya pili, mashine ileile, laki saba na ishirini. Stika ya Core i7 imebandikwa juu ya mashine ambayo ndani ni i5. Stika hizo zinauzwa kwa karatasi nzima. Chaja wanakupa ya kuokoteza, halafu ile yenyewe wanaiuza pembeni. Dhamana ni miezi mitatu, ila haihusu betri, chaja, kioo, kibodi wala bodi. Nikauliza kilichobaki ni nini. Labda lile begi.

Ukidai risiti ya EFD unaambiwa "ya risiti ni bei nyingine", kama vile risiti ni kachumbari. Na kuna elfu kumi na tano ya "kupigiwa Windows", ya kuibia, ambayo ukisema huihitaji haipunguzwi kwenye bei, kwa sababu "imeshapigwa". Nikisema naweka Linux, chalii ananiuliza kama ni ya kuhakia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunaonekana wahuni mbele ya kaunta.

Wengine flashi yako wanaikataa kabisa. Mmoja aliniwekea mkono juu ya kibodi: "Dada hapo usiingie, utaiharibu mashine." Nikamwambia kama inaharibika kwa kutazamwa basi mimi siiwezi.

Duka la nne, nilikoipata T480 hii, lilikuwa dogo, karibu na soko la Kilombero, la mzee mmoja na binti yake. Nilipotoa flashi mzee hakuuliza. Binti ndiye aliyesogeza kiti akatazama. Tukaingia F1, nikabadili mpangilio, tukahifadhi, tukaingia tena, umebaki. Tukachomeka chaja huku na huku. Nikamwomba mzee aandike kwenye risiti namba ya mashine, na chini yake kwamba BIOS haina paswedi na ikionekana inayo atanirudishia hela. Akaniuliza BIOS inaandikwaje. Nikamtajia herufi, akaandika, akagonga muhuri, akasaini. Laki sita na sabini na tano, na binti akaniomba nimwachie ile flashi.